Kidonda au ugonjwa: shajara ya tangi la duboisi

3 Machi

Mradi wenyewe ni daftari. Kila samaki wa tangi langu kubwa la duboisi, samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika, anapewa ukurasa wake, na kila alama inayojitokeza mwilini mwake inaandikwa: iko wapi, ina ukubwa gani, ukingo wake una rangi gani, ilionekana lini. Mwishoni nataka kupata karatasi moja ya kubandika ukutani pembeni ya tangi, ambayo mtu yeyote hapa nyumbani ataisoma na kuamua kama samaki ameumia au anaumwa, kabla mkono haujafika kwenye kabati la dawa.

Kilichonisukuma ni vidonge vya tetrasaiklini, dawa ya bakteria. Kwa sisi wafugaji wa samaki wa mapambo hapa Dar, pezi likichanika ni tetrasaiklini. Jicho likivimba, tetrasaiklini. Samaki akijificha nyuma ya jiwe kwa sababu anazozijua mwenyewe, tetrasaiklini. Kidonge kinafunguliwa, unga wa manjano unamwagwa, maji yanaiva rangi, na mwenye tangi anakwenda kulala akiona amewajibika. Kwa tunaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika hali ni mbaya zaidi, kwa sababu maji yetu ni magumu. Tetrasaiklini hushikamana na kalsiamu na magnesiamu iliyomo majini, na sehemu kubwa ya dawa huishia hapo bila kumgusa mgonjwa. Wakati huohuo bakteria wema wa kwenye chujio, wale wanaokula amonia ya uchafu wa samaki, wako hatarini. Siku chache baadaye pezi linapona, maana pezi lililochanika hupona lenyewe, na sifa zote zinakwenda kwa kidonge.

Tangi lina urefu wa sentimita 150, upana 50 na kina 50, yaani lita 375 kabla ya kutoa nafasi ya mawe. Ndani wamo *Tropheus duboisi* wa aina ya Maswa, wale ambao wakikomaa wanakuwa na kichwa cha buluu na ukanda mpana wa manjano kiunoni. Ni ukoo mmoja na perege na sato, ila kwa ukorofi hawana mfano. Wakubwa wachache walitoka ziwani, waliobaki wamezaliwa ndani ya vioo. Chini nimeweka changarawe za matumbawe ili pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, isishuke, na kwa kawaida inasoma kati ya 8.4 na 8.6. Pembeni kuna tangi dogo la karantini, tupu, bila mchanga wala mawe, lina kipande cha bomba la plastiki tu cha kujifichia.

Vifaa: tochi, kioo cha kukuzia, rula ya plastiki inayoona, saa yenye mshale wa sekunde, vipimo vya amonia, nitriti na pH. Na mpwa wangu wa kidato cha pili, ambaye mkono wake wa kuchora ni mzuri kuliko wangu.

9 Machi

Leo tumewachora wakiwa wazima. Hatua hii watu wengi wanairuka, na ndiko zinakotoka nusu ya hofu zisizo na msingi. Usipojua samaki wako alivyo siku ya afya, kila alama ni msiba.

Duboisi mchanga ni mweusi tii aliyetapakaa vidoa vyeupe. Ndivyo alivyoumbwa. Lakini mtu aliyewahi kupoteza samaki kwa ugonjwa wa vidoa vyeupe akiingia sebuleni na kuwaona, huanza kukupa pole. Ugonjwa huo huletwa na kimelea kiitwacho *Ichthyophthirius multifiliis*, na vidoa vyake vimeinuka juu ya ngozi. Mulika tochi kutoka ubavuni, si kutoka mbele, utaona kila kidoa kinatoa kivuli chake. Vya duboisi ni rangi tu ndani ya ngozi, bapa, havina kivuli, na kesho viko palepale. Vya ugonjwa leo vichache, kesho vingi, kwa sababu kimelea kikishiba kinadondoka chini, kinajigawa mara mamia, na watoto wake wanarudi majini kutafuta samaki mwingine. Ni katika hatua hiyo ya kuogelea tu ndipo dawa inaweza kukiua. Kikiwa kimejichimbia ngozini, mimina utakavyo.

Jike mmoja ana koo lililojaa na mdomo unaotafunatafuna bila kitu. Mpwa aliandika "uvimbe wa koo". Tumeufuta. Amebeba mayai mdomoni, na atakaa hivyo takriban mwezi mmoja.

Aliyenichukulia muda mrefu ni Mkongwe, dume la ziwani. Ubavuni, nyuma kidogo ya kiwiliwili, ana eneo ambalo magamba yake hayakupangika sawa na mengine: ni madogo, yamekaa hovyo, na yanarudisha mwanga kwa pembe tofauti. Hayo ni magamba yaliyoota upya. Ziwa Tanganyika lina samaki ambao kazi yao ni kula magamba ya wenzao. Maarufu zaidi ni *Perissodus microlepis*, ambaye mdomo wake umepinda upande mmoja. Mwenye mdomo wa upande huu hushambulia ubavu huu, na mwenye mdomo wa upande ule hushambulia ubavu ule, kila mara akitokea nyuma. Mjapani Michio Hori alieleza mwaka 1993 jinsi idadi ya makundi hayo mawili inavyojirekebisha yenyewe: wa upande mmoja wakizidi, mawindo yanazidisha ulinzi upande huo, na wale wachache wa upande wa pili wanashiba. Siwezi kuapa kwamba kovu la Mkongwe lilitoka huko, lakini lina tabia zote za jeraha: liko upande mmoja, mahali pamoja, na halijabadilika tangu nimfahamu.

Tumeandika pia idadi ya mara ambazo kifuniko cha matamvua cha kila samaki kinafunguka kwa dakika akiwa ametulia. Tarakimu hizo ukizitazama leo hazina maana yoyote. Siku samaki akianza kuhema, ndipo utajua anahema kiasi gani.

17 Machi

Kesi ya kwanza. Jike wa makamo ameamka na mkia uliochanika kutoka ukingoni hadi karibu na shina. Mpasuko umepita katikati ya vijiti viwili vya pezi, umenyooka, na kingo zake mbili ukizisogeza kwa macho zinakutana bila pengo. Hakuna weupe, hakuna wekundu, na sehemu nyingine yote ya mkia imetimia. Jana jioni hakuwa nao. Mwenyekiti, ambaye ndiye dume mkubwa, amekuwa akimkimbiza tangu juzi.

Pezi linalooza halianzi hivyo. Huanza ukingoni, na kwa kawaida kwa upana: ukingo unakuwa na mstari mweupe au mwekundu, nyama ya katikati inaliwa, vijiti vinabaki vimechomoza, na kila siku mstari ule unasogea kuelekea mwilini. Kwa hiyo nimebandika rula kwenye kioo, nimempiga picha alipopita mbele yake, na dawa sijaigusa. Nimebadilisha robo ya maji na kupanga mawe upya ili Mwenyekiti asione tangi zima kutoka mahali alipokaa.

23 Machi

Mpwa ameingia na daftari mkononi: "Anko, mkia umeota ukungu!"

Kweli, katikati ya mpasuko kuna kitu cheupe ambacho hakikuwapo. Tumekitazama kwa kioo cha kukuzia kwa zamu. Ni utando mwembamba wenye rangi ya maziwa yaliyochujwa, unaoona mpaka upande wa pili, na umelala sawasawa na uso wa pezi. Ukungu halisi, yaani *Saprolegnia* na jamaa zake, una nyuzi zinazosimama nje ya mwili na kuyumba samaki anapogeuka. Huu haukuyumba. Ni nyama mpya. Pezi linapoota upya huja kwanza bila rangi, kisha rangi hufuata polepole kutoka shinani. Watu wengi humwaga dawa siku hiihii, siku ambayo samaki anapona.

Picha ya leo ikiwekwa kando ya ile ya tarehe 17, mpasuko umefupika. Ukurasa wa jike huyu sitauongezea kitu mpaka ufunge.

29 Machi

Simu kutoka kwa jamaa wa Kinondoni: "Kaka, nimeisha. Vidoa vyeupe vimeingia kwenye samaki wa dhahabu." Nikamwambia anitumie picha kabla hajafanya lolote. Vidoa vilikuwa kwenye vifuniko vya matamvua na kwenye kijiti cha mbele cha mapezi ya kifuani, basi. Mkia safi, mgongo safi. Ni wawili tu kati ya kundi zima, na wote wawili walikuwa wanawafukuza wenzao huku wakiwasukuma ubavuni kwa pua. Hao ni madume wanaotaka kuzaa, na vipele hivyo ndiyo mapambo yao ya msimu. Hakuna cha kutibu hapo.

Akaniuliza kama atie chumvi kidogo tu, kwa usalama. Nikamwambia aihifadhi kwa ajili ya mchuzi.

6 Aprili

Mwenyekiti amepigana na dume la pili. Kwa samaki hawa ugomvi mkubwa ni wa kukabana midomo: kila mmoja anaung'ang'ania mdomo wa mwenzake na kuusokota. Wote tuliona. Jioni mdomo wake wa juu upande wa kushoto ulikuwa umechubuka, na kipande cha ngozi nyeupe kinaning'inia.

Hapa ndipo nilipokuwa nauhofia mradi tangu mwanzo, kwa sababu weupe mdomoni unaweza kuwa kitu kimoja kati ya viwili, na kwa mbali vinafanana kabisa. Kimoja ni mchubuko wa ugomvi. Kingine ni kolumnarisi, ugonjwa wa bakteria *Flavobacterium columnare*, ambao hupenda kuanzia mdomoni na huitwa kimakosa "ukungu wa mdomo" wakati si ukungu hata kidogo.

Yaliyoandikwa saa mbili usiku: samaki mmoja, upande mmoja, chanzo kimeonekana kwa macho. Anahema kwa kasi yake ya kawaida. Amekuja kula, amekosea mara kadhaa kuuma chakula, kisha akafanikiwa. Uamuzi: jeraha. Joto la maji nyuzi 29.

7 Aprili, asubuhi

Weupe umetoka mdomoni. Umevuka pembe ya mdomo na kuingia shavuni, umelala bapa juu ya ngozi, rangi yake inaelekea manjano, na kuuzunguka kuna mstari mwembamba mwekundu. Jana jioni shavu lile lilikuwa safi, picha ipo. Anahema haraka kuliko kawaida yake na amejisogeza kwenye mapovu ya pampu. Chakula hakukitazama.

Uamuzi wa jana usiku ulikuwa sahihi kwa jana usiku. Leo ni jambo jingine, na kwenye maji ya joto hili kolumnarisi haisubiri mtu: aina zake kali zinaweza kumaliza samaki ndani ya siku moja au mbili. Nimemkamata kwa bakuli la plastiki, si kwa wavu, kwa sababu miiba ya mgongo ya samaki hawa hunasa kwenye nyuzi na unapomnasua unampa majeraha mapya. Ameingia karantini saa moja na nusu.

7 Aprili, mchana

Bahati yangu, kuna dada mmoja anasoma udaktari wa mifugo SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na yuko likizo nyumbani kwao Temeke. Amekuja na hadubini yake kwenye mkoba. Akamshika Mwenyekiti kwa kitambaa kilicholowa, akapitisha ukingo wa kigae cha kioo taratibu pale weupe unapokutana na ngozi nzima, si katikati ya kidonda. Tone moja la maji ya tangi, kigae kingine juu, basi. Hakutia rangi yoyote.

"Njoo uone, kaka. Usitikise meza."

Mwanzoni niliona vipande vya ngozi na chembe za uchafu. Nilipozoea, pembeni mwa kipande kimoja nikaona vijiti vyembamba, virefu, vingi mno, vinavyoteleza bila haraka na kujikunja vikiteleza. Vilikuwa havikai ovyo. Vinapandiana na kujikusanya kuwa vichuguu vidogo vilivyosimama kwenye ukingo wa nyama. Vichuguu hivyo ndivyo vinavyomtambulisha bakteria huyu.

"Kidonda kilikuwa cha ugomvi kweli," akasema. "Hawa wamekuja baadaye, wamekuta mlango uko wazi."

Kazi iliyobaki ilikuwa hesabu. Akataka kujua ujazo halisi wa maji ya karantini, si ulioandikwa kwenye tangi. Tukapima urefu, upana na kina cha maji yenyewe: lita 48. Chumvi gramu 3 kwa lita, yaani gramu 144, iliyeyushwa kwenye ndoo na kuingizwa kidogokidogo. Dawa ya bakteria aliichagua yeye na kipimo akakokotoa yeye, na akanionya kwamba kila nikibadilisha nusu ya maji nirudishe nusu ya chumvi na nusu ya dawa, si kiwango kizima. Chupa ya maji yaliyoganda inaelea tangini kushusha joto polepole hadi nyuzi 26, kwa sababu bakteria huyu hupungua kasi maji yakipoa. Pampu ya hewa inafanya kazi kwa nguvu zote.

Tangi kubwa halikupewa kitu. Tumewatazama mmojammoja kwa tochi, midomo na migongo. Dume la pili, yule wa ugomvi, naye ana mchubuko mdomoni, lakini ukingo wake umetulia na anakula. Ndoo, mpira wa kunyonyea maji na bakuli la karantini sasa vina alama nyekundu na haviruhusiwi kugusa maji ya tangi kubwa. Vikitumika vinaoshwa na kuanikwa juani mpaka vikauke kabisa.

12 Aprili

Mstari mwekundu umefifia na weupe haujasogea tangu tarehe 9. Amepoteza pembe ya mdomo wa juu, atabaki na mdomo uliokatika. Leo amekwangua mwani kwenye bomba kwa upande mzima wa mdomo.

Karatasi ya ukutani nilikuwa nimeichora yenye safu mbili, JERAHA na UGONJWA. Nimeichana. Mwenyekiti alistahili safu zote mbili, tofauti ikiwa usiku mmoja. Hata ukungu wa *Saprolegnia* mara nyingi ndivyo ulivyo: haumvamii samaki mzima mwenye ute wake kamili, unangoja ngozi iliyokufa. Kwa hiyo swali la karatasi haliwezi kuulizwa mara moja likaisha. Inabidi liulizwe tena asubuhi, na jibu lake liko kwenye ukingo wa kidonda. Ukingo uliosimama ni jeraha linalopona, hata kama katikati panatisha. Ukingo unaotembea ni ugonjwa, hata kama ulianza kwa jino la jirani.

(Uenyekiti umeshachukuliwa, kwa taarifa. Dume la pili limehamia kwenye jiwe kubwa siku ileile.)

20 Aprili

Leo amekufa jike mdogo ambaye hakuwa na alama hata moja.

Ilianza kwa kuchukua chakula na kukitema. Kisha akawa anajitenga kona ya juu, kinyesi chake kikawa uzi mrefu mweupe, na kuhema kukaongezeka. Magamba yote mahali pake, mapezi yote kamili, rangi imefifia kidogo tu. Tumbo lilivimba mwishoni, wakati hakuna cha kufanya tena. Wafugaji wa *Tropheus* wote wanaujua ugonjwa huu wa tumbo na wanauogopa kuliko mwingine wowote. Hawa ni wala mwani wenye utumbo mrefu sana, na mambo yanayotajwa ni chakula kizito chenye nyama, msongo wa kufukuzwafukuzwa, na vimelea vya utumboni vinavyopata nafasi. Kwa kawaida huonekana pamoja, na mhanga wa kwanza huwa ni yule anayeonewa. Metronidazo iliyochanganywa kwenye chakula husaidia, ila kwa samaki ambaye bado anakula. Huyu alikuwa amekwisha acha.

Mpwa alikuwa amempita kwenye ukaguzi kwa sababu "hana kidonda". Hakukosea kwa kadiri ya karatasi ilivyosema, karatasi ndiyo ilianza na ngozi. Sasa inaanza na swali la kama samaki amekula na kumeza. Kutema kunahesabiwa kuwa hakula.

2 Mei

Umeme ulikatika jana mchana ukarudi usiku wa manane. Asubuhi hii tangi zima limebadilika: mistari myekundu kwenye mapezi ya karibu wote, wanajikwangua kwenye mawe, wanahema juu juu. Wakubwa na wadogo, wababe na wanyonge, siku moja.

Hiyo pekee inatosha kuwaondolea mashaka madume. Hakuna mbabe anayeweza kuwachubua wote kwa usawa usiku mmoja. Wala vimelea haviwapati wote kwa saa moja. Kinachowagusa wote kwa pamoja ni maji. Chujio likikaa bila mzunguko, bakteria wake wanakosa oksijeni, wengine wanakufa, na amonia inaachwa bila wa kuila. Kipimo kimesoma 0.5 mg kwa lita.

Mfugaji wa samaki wa maji laini angeona 0.5 akashtuka kidogo tu. Kwetu ni hatari, na sababu ni pH. Amonia majini iko katika sura mbili, na inayounguza matamvua ni ile isiyo na chaji. Kwenye pH 7 sehemu hiyo haifiki asilimia 1 ya jumla. Kwenye pH 8.5 na nyuzi 29 inakaribia asilimia 20. Kipimo kilekile, sumu zaidi ya mara ishirini.

Tumebadilisha nusu ya maji kwa maji yaliyokaa na kuondolewa klorini, yenye joto na pH inayolingana, na leo hakuna chakula. Jioni nusu nyingine. Mistari myekundu haihitaji dawa. Dawa ya methilini bluu, ambayo jirani ameileta mwenyewe mlangoni kwa moyo mwema, ingemalizia bakteria waliobaki kwenye chujio. Nimeipokea, nimeshukuru, nimeiweka kabatini.

10 Mei

Mkongwe ametoka jicho. La kulia tu. Kutoka ubavuni huwezi kupima vizuri, inabidi umtazame kutoka juu, uone macho yote mawili kwa pamoja: la kushoto limekaa sawa na mstari wa kichwa, la kulia limetokeza, na juu yake kuna mkwaruzo mfupi wenye wingu jeupe. Macho yote mawili yakitoka kwa pamoja, unafikiria maambukizi ya ndani, figo zilizoshindwa, au maji mabovu ya muda mrefu. Likitoka moja, tena lenye mkwaruzo, kwanza tafuta jiwe.

Tumelipata: bonge la matumbawe lenye ncha, nililoliweka mwenyewe siku ya kupanga upya. Limetoka. Maji yanabadilishwa kwa ratiba yake. Anakula, anahema sawa.

25 Mei

Jicho limerudi mahali pake, wingu bado lipo ila ni jembamba.

Karatasi iko ukutani, kwa maneno ya mpwa, maana yangu yalikuwa marefu mno. Inakuuliza kwanza ni wangapi. Wakiwa wengi kwa siku moja, inakutuma kwenye vipimo vya maji na inakukataza kusoma mstari unaofuata kabla hujapima. Akiwa mmoja, inauliza kama amekula akameza, na kama anahema zaidi ya tarakimu ya ukurasa wake. Ndipo inafika kwenye alama: upande mmoja au pande zote mbili, bapa au imeinuka ukimulika kutoka ubavuni, na mwisho ukingo, kwa picha mbili zenye rula. Kolumnarisi imeandikwa kwa wino mwekundu pembeni: weupe wa manjano wenye mstari mwekundu, mtoe sasa hivi, mpigie dada.

Shemeji yangu ameijaribu juzi nikiwa safarini, naye hajawahi kufuga hata kuku. Aliona doa jeupe ubavuni mwa samaki mmoja, akafuata mistari, akapiga picha na kungoja. Lilikuwa gamba moja lililotoka. Lakini picha zake mbili zilikuwa na tarehe bila saa, na nilipozipokea sikujua kama zimeachana kwa saa tatu au kwa ishirini. Toleo linalofuata la karatasi litakuwa na nafasi ya kuandika saa, kwa sababu shavu la Mwenyekiti liliharibika kati ya saa mbili usiku na saa moja asubuhi.